Hoteli za Dar es Salaam na Nakshi za Uzaramo

Nyumba ya wageni ya mji mkubwa hujengwa ili ionwe. Nyumba nyingine hujengwa kwa haja za wenyewe, na mapambo yake ni shauri la watu wa ndani. Lakini hoteli hujengwa ili mtu asiye wa mji aingie, aketi, azitazame kuta na dari, kisha aondoke na fikira fulani juu ya wenyeji wake. Kwa hiyo mapambo ya hoteli si jambo dogo. Ni maneno ambayo mji humwambia mgeni kabla mwenyeji hajafumbua kinywa, na kama maneno mengine yote, yaweza kuwa ya kweli au ya uongo.

Makala haya yanakusudia kupima nyumba tatu za wageni za Dar es Salaam, kila moja ya zama zake: nyumba ya wageni ya Sultani Majid, hoteli ya Wajerumani iliyoitwa Kaiserhof, na hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa baada ya uhuru. Mizani ya kupimia itatwaliwa katika nchi iliyo mgongoni mwa mji, yaani Uzaramo wa Kisarawe na Kibaha. Huenda msomaji akaona kuwa mizani hiyo ni ngeni, maana wahakiki wa majengo wamezoea kuilinganisha Dar es Salaam na Unguja, au na Ulaya. Lakini mgeni akitaka kumjua mwenyeji wake, hapana budi aulize pia ni nani aliye jirani wa mwenyeji huyo, na jirani huyo hupewa kiti gani anapobisha hodi.

Jambo la ujirani huo ni la zamani kuliko mji wenyewe. Masimulizi ya Wazaramo yasema kwamba Washomvi wa pwani, walipovamiwa na Wakamba, walimwita Pazi Kilama kutoka bara awasaidie. Naye alipokwisha kuwafukuza adui, Washomvi wakakubali kumpa yeye na jamaa zake ada kila mwaka. Yaliyomo katika masimulizi haya ya historia kamili na yaliyomo ya fahari ya ukoo yaweza kubishaniwa, lakini maana yake ni wazi: pwani ilijiona kuwa ina deni kwa bara, na mtu wa bara alipoteremka pwani hakuteremka kama mwombaji.

Nyumba ya kwanza ni ile iitwayo leo Boma la Kale, inayotazama bandari. Sultani Majid bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1856 hata alipokufa 1870, aliijenga mnamo 1866 na 1867 ili wageni wa jumba lake wapate pa kulala. Jumba lenyewe limekwisha kutoweka, lakini nyumba ya wageni ingali imesimama. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene na nzito. Paa lake limefichwa nyuma ya ukuta wa juu, hata mtu aliye chini huliona jengo kama sanduku lililofungwa vizuri. Na uzuri wake wote wa nje umekusanywa katika milango ya nakshi ya namna ya Unguja.

Jengo hili lafaa kusifiwa kwa sababu kila kitu ndani yake kina kazi. Katika ujenzi wa namna hii upana wa chumba hauamuliwi na matakwa ya tajiri, bali na urefu wa boriti za mikoko, ambazo aghalabu hazivuki mita 3 kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa hiyo vyumba huwa vyembamba na virefu, na wembamba huo ndio unaowapa watu kivuli na upepo. Unene wa ukuta huzuia joto la mchana. Hata mlango, ijapokuwa umejaa maua na minyororo iliyochongwa, haukusahau kwamba ni mlango: miimo huubeba uzito, kizingiti hufunga juu, na ule ubao wa kati uitwao mfaa hufunika pengo lililo kati ya mbao mbili. Nakshi imewekwa juu ya vitu vinavyofanya kazi, wala haikubandikwa mahali patupu ili kuficha upungufu.

Walakini ipo kasoro, nayo haikutokana na fundi. Nakshi za mlango huo zasema Unguja, na nyuma ya Unguja zasema Maskati na Bara Hindi. Haziitaji hata kwa neno moja nchi iliyo nyuma yake. Mgeni wa Majid aliyepita katika mlango ule aliambiwa kuwa amefika katika ufalme wa bahari. Hakuambiwa kwamba baada ya mwendo wa siku moja kuna watu wenye mapazi wao, wenye misitu yao, na wenye uchongaji wao.

Nyumba ya pili ni Kaiserhof. Wajerumani waliifungua 1906, karibu na kanisa lao la Kilutheri lililojengwa kati ya 1898 na 1902. Mwaka mmoja kabla yake ujenzi wa Reli ya Kati ulikuwa umeanza. Reli hiyo ilipanda vilima vya Pugu na kufika Morogoro 1907, kisha Kigoma 1914. Hoteli na reli ni kazi ya fikira moja: msafiri ashuke melini, alale usiku kucha katika kitanda cha Kizungu, kisha apande gari moshi aende bara bila kuikanyaga sana nchi anayopita. Waingereza walipoutwaa mji 1916 jina la mfalme wa Ujerumani halikuweza kukaa, na baadaye nyumba ikaitwa New Africa. Jengo lile la Kijerumani halipo tena. Mahali pake pamesimama hoteli mpya ya ghorofa nyingi, na kilichosalia ni jina.

Wako wanaoisikitikia Kaiserhof kama vile mtu anavyomsikitikia babu, na wako wanaosema kwamba kuililia ni kulilia utawala wa kigeni. Pande zote mbili zimechanganya mambo mawili ambayo mhakiki hana budi kuyatenga. Kwa upande wa ufundi, wajenzi wa Kijerumani wa miaka ile walikuwa wamejifunza jambo. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa 1897, yaonyesha jinsi walivyochanganya ukuta mnene, roshani pana na vichwa vya kuba vilivyokopwa kwa Waarabu; na Kaiserhof nayo ilitegemea matao na roshani zenye kivuli, zilizoacha upepo wa bandari upite na kumwezesha mtu kuketi nje bila kuchomwa na jua. Huo ulikuwa ujenzi wenye akili, na mji uliobomoa matao na kuweka vioo umejitwisha gharama ya kupoza hewa kwa mashine mchana na usiku.

Kwa upande wa ugeni, nyumba ile ilikuwa na aibu yake. Katika zama za ukoloni Mwafrika aliingia katika hoteli kubwa za mji akiwa amebeba sinia au mzigo, si akiwa mgeni. Roshani ile nzuri ilifanana na baraza kwa umbo tu. Baraza ya nyumba ya Kiswahili ni mahali ambapo mpita njia aweza kuketi bila kuulizwa jina. Roshani ya Kaiserhof ilikuwa mahali pa kumtazamia mpita njia kutoka juu. Hukumu ya haki, basi, ni kwamba nyumba yaweza kuwa njema na mlango wake ukawa mbaya. Anayehuzunika kwa sababu ya matao hana kosa, mradi asisahau ni nani waliokatazwa kuketi chini yake.

Nyumba ya tatu, hoteli ya Kilimanjaro, ilifunguliwa 1965, nchi ikiwa na miaka michache tu tangu uhuru wa 1961. Serikali ilitaka nyumba ambamo wajumbe wa mataifa waweza kupokewa na taifa lenyewe. Jengo ni refu, limenyooka mbele ya bandari, na uso wake umegawanywa kwa vibaraza vya vyumba vilivyopangwa safu juu ya safu. Hapana tao, hapana kuba, hapana mlango wa nakshi. Kukataa huko kulikuwa na maana yake: nyumba haikutaka kuwa ya Sultani wala ya Kaisari, na mlango wake, kwa sheria na kwa nia, ulikuwa wazi kwa kila raia. Kwa jambo hili hoteli ya Kilimanjaro yazizidi zile mbili nyingine, na sifa hiyo haipasi kupunguzwa kwa sababu bei ya chumba iliendelea kuwazuia wengi ambao sheria haikuwazuia tena.

Lakini kukataa si kujieleza. Mtindo ule wa mistari myepesi na safu za vibaraza ulikuwa ukijengwa katika miji mingi ya dunia miaka ile ile, na mtu aliyeonyeshwa picha ya jengo bila bandari yake angeona taabu kutaja mji. Katika hoteli nyingi za Afrika Mashariki za kipindi hicho pengo hilo lilizibwa kwa mapambo ya ndani: ngao, mikuki, ngozi, na vinyago vya mpingo vya Wamakonde, ambao sifa yao ilienea kutoka Dar es Salaam tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kinyago cha Kimakonde ni kazi kubwa ya sanaa, wala hapa hakilaumiwi. Linalolaumiwa ni namna kilivyotumiwa, yaani kusimamishwa pembeni mwa ukumbi wa mapokezi ili kiseme neno "Afrika" kwa niaba ya jengo ambalo halikuwa na la kusema. Nakshi ya mlango wa Majid ikiondolewa, mlango wenyewe huharibika. Kinyago kikiondolewa ukumbini, ukumbi haupungukiwi na kitu ila vumbi. Hoteli ya Kilimanjaro ilipofanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena 2005, na baadaye kupita mikononi mwa makampuni ya kigeni ya hoteli, swali hili lilibaki pale pale lilipokuwa.

Yafaa sasa kutazama kile ambacho Uzaramo ungaliweza kutoa. Sanaa inayojulikana zaidi ya Wazaramo ni mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo aghalabu hutoshea mkononi. Kiwiliwili chake ni kama gogo dogo la duara, bila mikono wala miguu. Matiti na kitovu huonyeshwa kwa alama chache. Kichwa huwa na kishungi, mara nyingi cha sehemu mbili zilizotengwa kwa mfereji katikati. Mwali aliyewekwa ndani hupewa sanamu hiyo ailee kama mtoto, aipake mafuta na kuitunza, ili ajifunze kazi ya uzazi katika ukoo unaohesabiwa kwa mama. Umbo hilo hilo huonekana tena juu ya bakora, katika vizibo vya vibuyu vya dawa, katika ala za ngoma, na katika nguzo za makaburi. Marja-Liisa Swantz alieleza desturi na ishara za Wazaramo katika kitabu chake cha 1970, na Marc Leo Felix alikusanya mifano mingi ya sanamu yenyewe katika kitabu cha 1990. Kwa hiyo hapana mjenzi anayeweza kusema kwamba habari hizi zimefichika.

Jambo la kustaajabisha katika sanaa hii ni uchache wa mistari yake. Fundi wa Uzaramo huondoa kila kisicho lazima, akabakiza mgawanyo: kichwa, shingo, kiwiliwili, na kipimo cha kimoja kwa kingine. Huo ndio unyofu ambao wasanifu wa miaka ya 1960 walidhani wameuleta kutoka ng'ambo. Lau msanifu wa hoteli ya Kilimanjaro angalipanda vilima vya Pugu mpaka Kisarawe, angalikuta kwamba lugha aliyokuwa akiitafuta ilikwisha kusemwa huko, tena kwa vipimo vya mkono wa binadamu.

Hapa patazuka pingamizi, nalo ni zito. Mwana hiti ni kitu cha mwali na cha mafunzo ya ndani. Kukitoa huko na kukiweka mezani pa mapokezi, kikiwa kimezungukwa na masanduku ya wasafiri, ni kukivunjia heshima. Na kukichora juu ya mataulo na sabuni ni kuvunja heshima maradufu. Pingamizi hili ni la haki, na hukumu ya makala haya haipingani nalo. Haisemwi kwamba hoteli ijazwe sanamu za mwana hiti. Inasemwa kwamba zipo sheria mbili za sanaa hiyo ambazo zaweza kufuatwa bila kugusa siri ya mtu. Ya kwanza ni sheria ya mgawanyo na uchache, ambayo yaweza kuongoza nguzo, ngazi, kiti au kichwa cha kitanda. Ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba kilicho bora huwekwa ndani.

Sheria hii ya pili haiwahusu Wazaramo peke yao. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni hupita daka, akaingia kiwandani, kisha vyumba huja kimoja nyuma ya kingine. Na ule ukuta wa zidaka, wenye nakshi nyingi za chokaa kuliko zote, hauko mlangoni bali katika chumba cha ndani kabisa. Kadiri mtu anavyoaminiwa ndivyo anavyoonyeshwa uzuri. Pwani na bara, ambazo wengi huzitenga, zakubaliana katika jambo hili: pambo ni malipo ya uaminifu, si chambo cha kumvutia mpita njia. Hoteli ya kisasa imeigeuza sheria hiyo juu chini. Ukumbi wa mapokezi hupambwa kwa marumaru na taa za kuning'inia, kisha mgeni akifika chumbani, mahali ambapo atavua viatu na kulala, hukuta kuta tupu na picha moja iliyochapishwa kwa maelfu. Mapambo hayo yasema kwamba mgeni alihitajika alipokuwa hajalipa. Hii ndiyo kasoro ya msingi, na hapana kinyago kiwezacho kuiponya.

Kibaha yatoa mfano wa kulinganisha, ingawa si wa hoteli. Miaka ile ile ya hoteli ya Kilimanjaro, katika nchi hiyo iliyo kilomita 40 hivi magharibi ya Dar es Salaam kando ya barabara ya Morogoro, nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kujenga kituo kilichoanza 1963, chenye shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima. Tarehe 10 Januari 1970 kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, nacho kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Hotelini mwenyeji alimjengea mgeni. Kibaha wageni walimjengea mwenyeji, kisha wakaondoka. Majengo ya namna hiyo hayatafutwi na watu wapendao nakshi, lakini yana pambo moja ambalo nyumba zote tatu za bandarini zilikosa: yalijengwa kwa kumtazamia mtoto wa mkulima kuwa ndiye anayeingia. Pambo la kwanza la nyumba yoyote ni yule inayemtarajia.

Lipo pia shauri la vitu vya kujengea. Vilima vya Pugu vina udongo mweupe mwingi, ule unaofaa kufinyangiwa vyombo vyeupe na vigae, na sifa zake zimejulikana tangu zamani za ukoloni. Hata hivyo kwa miaka mingi sahani, mabeseni na vigae vya hoteli za mji vimekuwa vikiteremshwa bandarini kutoka ng'ambo, huku udongo umelala mahali ambapo gari moshi hupita. Kwa miti hadithi ni nyingine, na ya kusikitisha. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliupa mji miti, kisha ikaupa kuni na makaa, hata kilichosalia kikawa hapana budi kihifadhiwe. Kwa hiyo mtu asemaye leo kwamba hoteli ipambwe kwa mbao za Kisarawe lazima aulizwe mti utatoka wapi na nani ataupanda. Pambo linalomaliza msitu ni wizi, hata likichongwa na fundi bora. Udongo na ufundi wa mkono ndivyo vyaweza kutumika kwanza; mbao na zije baada ya miti kupandwa.

Shauri hili si la kale tu. Sasa Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, Kisarawe imekaribiwa na mji, na nyumba za kulala wageni zinazidi kujengwa katika pande zote mbili. Nyingi zaigiza hoteli za mjini, ambazo nazo ziliigiza za ng'ambo: nguzo za saruji zenye vichwa vya Kiyunani, vioo vya buluu vinavyokusanya joto, na vigae vinavyong'aa hata mgeni akateleza. Mwenye nyumba hastahili kuchekwa, maana hakuonyeshwa mfano mwingine. Nyumba kubwa za Dar es Salaam zilimfundisha kwa muda wa miaka mia na zaidi kwamba pambo ni kitu kitokacho mbali. Lakini huyo huyo ana uani wenye kivuli cha mwembe, ana baraza ambayo babu yake alijua kuipima, na ana mafundi ambao mikono yao haijasahau mgawanyo wa kichwa na kiwiliwili. Akijenga baraza pana ya kumkalisha mpita njia, akaacha upepo upite, na akaweka kazi bora ya fundi wa kijiji chake katika chumba cha kulala badala ya kuiweka kwenye meza ya kupokea fedha, atakuwa amefanya jambo ambalo Majid, Wajerumani na serikali ya uhuru hawakulifanya.

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii huelezwa kwa kawaida kuwa sifa ya ukarimu, lakini ndani yake mna sharti: mwenyeji awepo. Katika nyumba ya Majid mwenyeji alikuwa Unguja. Katika Kaiserhof alikuwa Berlin. Katika Kilimanjaro alikuwepo mlangoni, naye alistahili heshima kwa kuufungua, ila hakuonekana ukutani. Mji ambao umejenga nyumba tatu kubwa za wageni bila kumpa Mzaramo wa Kisarawe hata zidaka kimoja haujamaliza bado kazi ya kumkaribisha mtu.